Paja la Maulidi Lilipotetemeka

Wadogo zangu wa chumba cha kunyosha viungo, siku niliyorudisha ufunguo mlinipa daftari jipya, mkaniambia niandike yale niliyoyaona kazini. Nimekaa nalo wiki tatu. Cheo changu mnakijua, na mshahara wangu mnaujua kuliko mimi mwenyewe, kwa hiyo hayo tuyaache. Nitaandika juu ya msuli kutetemeka unaponyoshwa. Nimeliona jambo hilo karibu kila siku ya kazi na mpaka leo linaniacha mdomo wazi. Na kosa langu kubwa kuliko yote lilianzia hapo.

Siku ya kwanza nilifika na koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likataka kusimama lenyewe. Nilikuwa nimetoka kusoma Bukavu na kichwa kilikuwa kimenivimba. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, kioo chenye ufa, na ngazi ya mbao iliyopigiliwa ukutani kwa ajili ya wagonjwa kujishikia. Kine alikuwa mmoja tu, Muzee Asukulu, mtu mfupi wa upande wa Lubondja, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Hapa mjini Baraka sisi tunaotibu viungo na misuli watu wanatuita kine, wakikata neno la Kifaransa katikati, na wasiotupenda wanatuita wale wa kukanda. Muzee Asukulu hakuniuliza diploma. Alikuwa anakunywa chai.

“Egemeza mugongo ku ukuta,” akaniambia. “Shuka kama vile unaikala ku kiti.”

“Kiti kiko wapi, Muzee?”

“Hakuna kiti. Ikala vile vile.”

Nikashuka, magoti yakapinda, mgongo ukabaki ukutani. Yeye akaendelea na chai yake, akachovya mkate. Mapaja yalianza kuwaka moto, kisha yakaanza kutetemeka, kwanza kidogo, halafu hata koti langu likawa linacheza.

“Muzee, iko natetemeka.”

“Minaona. Ni nani anaitetemesha? Ni wewe?”

“Hapana. Si mimi.”

“Basi ule mwenye kuitetemesha, njo mwalimu wako. Mi ni musaidizi tu. Simama, kuya unywe chai.”

Tukiwa tunakunywa akanieleza, na kitabu chochote nilichosoma Bukavu hakikuwahi kunieleza hivyo. Msuli si kamba moja. Ni nyuzi maelfu kwa maelfu, na mshipa wa fahamu unaziita kazini kwa zamu, hizi zinavuta, zile zinapumzika. Msuli ukiwa na nguvu zamu zinapokezana kimya, wala hujui. Ukichoka, au ukipelekwa kwenye urefu ambao haujauzoea, zamu zinagongana, na huko kugongana ndiko tunakokuona kwa macho. Tena humo ndani ya msuli kuna walinzi wadogo wanaopima umevutwa kiasi gani. Wakiona hatari wanapeleka habari kwenye uti wa mgongo, na msuli unajivuta kurudi kabla wewe hujawaza lolote. “Iko nakulinda bila kukuomba ruhusa,” alisema Muzee. Nilienda nyumbani nikishuka ngazi kinyumenyume kwa maumivu ya mapaja, nikishangaa kwamba miaka yote ile nilikuwa natembea na walinzi nisiowajua.

Vyombo vyetu mnavijua, vingine mmevirithi. Gonyometa, zile rula mbili za plastiki zilizounganishwa katikati kwa kupima kiungo kinapinda digrii ngapi, ilikuwa imefutika namba nusu, tukaziandika upya kwa kalamu ya bic. Mfuko wa mchanga ulishonwa kwa mguu wa suruali ya Muzee, na mguu wa pili sijui ulikwenda wapi. Kulikuwa na termosi ya maji ya moto na taulo mbili. Kulikuwa na saa ya ukutani ambayo ilidanganya masaa lakini haikudanganya sekunde, na sisi tulihitaji sekunde tu, thelathini kwa kila mnyosho. Na kulikuwa na kitenge kikuukuu cha marehemu mama yake Muzee, kilichozungushwa na kupindwa. Nimeona mikanda ya kunyoshea iliyoletwa kutoka mbali kwa makaratasi mengi. Hakuna uliokishinda kile kitenge.

Miaka ikapita, Muzee akastaafu akaenda kuishi Swima, nikabaki na ufunguo. Nilipokea akina mama wanaoshinda wameinama shambani, ambao nyuma ya mapaja yao ilikuwa ngumu kama mbao. Mmoja alipolala kitandani nikamwinua mguu, paja likaanza kutetemeka, na dada yake aliyemsindikiza akapiga magoti akaanza kukemea pepo kwa sauti kubwa. Nikamwacha amalize, kwa sababu sala ya mtu haikatizwi. Kisha nikashusha mguu upana wa vidole viwili tu, ukatulia. “Mama,” nikamwambia, “hii pepo inaogopa vidole mbili?” Mgonjwa alicheka mpaka nikalazimika kuanza upya. Nilipokea vijana wa mpira wa hapa Baraka wanaojinyosha kwa kudundadunda kama wanakanyaga pedeli, wanaotaka kutanua miguu pande mbili mpaka chini ifikapo Jumapili. Wengi walinirudia Jumatatu wakichechemea.

Wote niliwaambia yale yale, nanyi waambieni. Usinyoshe msuli baridi, tembea kwanza, au weka taulo la moto. Nyosha polepole mpaka usikie unavutwa, sio unachomwa. Usidunde, usizuie pumzi. Ukianza kutetemeka, rudi nyuma kidogo, toa pumzi, kaa hapo. Fanya kidogo kila siku, maana msuli haujifunzi kwa kushtukizwa. Na ulizeni mtu amekula nini. Wengi waliotembea kutoka Swima na tumbo tupu walitetemeka kwa njaa, nami niliweka ndizi kwenye droo kwa ajili hiyo. Lakini anayetetemeka akiwa amepumzika, au ambaye mguu unamwishia nguvu au kufa ganzi, huyo msimnyoshe, mpelekeni kwa daktari siku hiyo hiyo.

Haya yote niliyajua. Niliyajua vizuri mno, na kwa sababu hiyo nilisahau kuyasema mbele ya Maulidi.

Maulidi aliletwa kwangu miaka michache kabla sijastaafu. Alikuwa mvuvi wa Ubwari, mtu wa makamo, mpole, mwenye kofia ya sala aliyoivua akaiweka mapajani kila alipozungumza na mkubwa. Walikuwa wanavuta boti kubwa pwani, likaviringika, likamvunja paja. Mfupa uliungana vizuri hospitali, ila ulichukua miezi, na miezi ile yote goti lilikuwa limenyoka. Alipofika kwangu goti lilikuwa limekataa kupinda. Nilipima: digrii thelathini na tano. Kukaa kitini vizuri unahitaji tisini.

Nilimuuliza swali ninalomuuliza kila mtu, anataka mguu umfanyie nini.

“Mutumbwi yangu ni kadogo, Mama Kine,” akasema. “Mutu moja tu njo anaikala mule. Unakunja miguu, unaikala chini kabisa. Muguu ikisimama hivi, mutumbwi inapinduka. Nilijaribu. Ilipinduka.”

Mke wake, Mama Salima, aliongeza kwamba walimwokota ziwani watu waliokuwa wanafua nguo. Tangu siku ile alikuwa hatoki nje mchana. Kaka yake Ramazani na wadogo zake wawili walikuwa wakimlisha yeye, mkewe na watoto, kwa moyo mweupe kabisa, na chakula kile kilikuwa hakimpiti kooni. Alitaka kurudi ndani ya mtumbwi wake. Hakutaka kingine.

Kutoka Ubwari kuja kwetu ni kwa boti, na boti haliji kila siku. Tukakubaliana aje kila baada ya wiki mbili, na kazi ya kila siku ifanyike nyumbani. Nikamwita Ramazani na wale wadogo zake, nikawaonyesha. Maulidi anakaa ukingoni mwa kitanda, mmoja anashika paja, mwingine anasukuma mguu wa chini kurudi nyuma, polepole. Nikawaambia maneno ambayo ningetoa kitu kikubwa kuyarudisha kinywani: “Mtafanya vile mpaka mtaona paja linatetemeka.”

Nikanyamaza. Kwangu mimi sentensi ilikuwa imekwisha. Mpaka litetemeke, maana yake hapo ndipo pa kuacha, nani asiyejua? Wote watatu wakaitika kwa vichwa. Ramazani akatabasamu, akasema, “Tumeelewa muzuri, Mama.” Na kweli walikuwa wameelewa, kwa namna yao.

Baada ya wiki mbili walimshusha Maulidi kwenye boti wakiwa wamembeba. Goti lilikuwa limevimba kama papai, ngozi ya paja ina weusi wa damu iliyomwagika ndani, na lilikuwa la moto mkononi mwangu. Nilipima digrii ishirini. Ramazani alikuwa anatabasamu bado.

“Tulifanya yote ile ulituambia, Mama. Kila asubui. Tulisukuma mpaka ikaanza kutetemeka. Tukasema, iko! Iko! Ile saa sasa njo tukakamata na nguvu yote, batu batatu.”

Hasira zangu mnazijua, ziko karibu. Nilipiga kelele mpaka watu wa foleni wakachungulia dirishani. Nikawaita wauaji. Ramazani akapoteza tabasamu lake, akanitazama kama mtoto aliyepigwa bila kosa.

“Lakini Mama,” akasema taratibu, “kamba ikitetemeka, mutu anafanya nini? Si anavuta? Usipovuta ile saa, samaki inaenda.”

Niliangalia mikono yake, yenye alama za kamba kwenye kila kidole. Ni watu waliovua mikebuka, samaki wadogo wa ziwa letu, kwa ndoana tangu wakiwa na meno ya utotoni. Maisha yao yote wamekaa gizani na uzi kati ya vidole wakingoja kitu kimoja tu, mtetemeko, na mtetemeko ukija mkono unaruka wenyewe. Mimi niliwaambia wangoje mtetemeko. Walingoja, wakauona, wakavuta. Hakuna kine wa Bukavu wala wa ng'ambo ambaye angewafanya wafanye kitu kingine.

Nikakaa kwenye kiti cha mgonjwa. “Kosa ni langu,” nikawaambia. “Sio lenu hata kidogo. Ramazani, unisamehe yale maneno.” Alisema haina mbaya, lakini alitoka nje na hakurudi mpaka jioni.

Daktari alipiga picha. Mfupa ulikuwa mzima, na kwa hilo nilimshukuru Mungu kwa sauti. Lakini msuli ulikuwa umepasuka kidogo na kuvuja damu, na damu ya namna ile ikiganda vibaya inaweza kulifunga goti kwa muda wote uliobaki. Hakuna kunyosha wiki kadhaa. Baada ya hapo tujaribu, alisema, akainua mabega. Mabega yale niliyaota. Nilimweleza Maulidi kila kitu bila kupunguza, nikamwambia huenda nimeuondoa mtumbwi maishani mwake. Aliitazama kofia yake iliyokuwa mapajani. Hakunilaumu, na ningependa angenilaumu.

Aliporudi, uvimbe ulikuwa umekwisha, naye alikuwa amekuja na mkewe tu. Nilimlaza kitandani, na mikono yangu, baada ya miaka yote ile, ilikuwa inaogopa kumgusa. Aliiona.

“Mama Kine, nikuambie kitu,” akasema. “Bale bandugu yangu banavua mikebuka. Mukebuka ni kadogo. Kakishika ndoana unavuta mbio, kanaingia. Mi ninavua sangala. Sangala ni samaki mukubwa, haivutwe vile.”

“Inavutwa namna gani?”

“Ikitetemesha kamba, unashika tu. Hauongeze, hauachilie. Unapumua. Ikitulia, unakamata kidogo, urefu ya mukono moja. Ikikasirika, unairudishia kidogo. Ukishindana nayo, kamba inakatika, unabaki na vidole ya damu. Mi nilishaka shika sangala moja asubui yote, mpaka yeye mwenyewe akakubali.” Akagusa paja lake. “Hii muguu haiko mukebuka, Mama. Iko sangala. Unipe kamba, nishike mi mwenyewe.”

Shika, pumua, ngoja, chukua kidogo, rudisha ikikasirika: ni yale yale niliyofundishwa na Muzee Asukulu, neno kwa neno karibu, na mtu huyu alikuwa ameyajulia ziwani kwa uzi wa ndoana. Nilitoa kile kitenge. Nikamlaza kifudifudi, nikakizungusha kwenye kifundo cha mguu, nikampitishia ncha begani mpaka mkononi mwake. Akavuta. Kisigino kikainuka kidogo kuelekea nyuma. Paja likaanza kutetemeka, na mimi nikaona vidole vyake vikibadilika. Havikukaza wala havikulegea. Vilisikiliza. Nilihesabu sekunde ukutani, akatoa pumzi, paja likatulia, naye akachukua upana wa kucha moja. Nimesoma kazi hii, nimeifanya na kuifundisha, lakini mtu anayezungumza na msuli wake hivyo nilikuwa sijamwona.

Tuliendelea hivyo miezi saba. Mama Salima alichemsha maji na kuweka taulo la moto kila asubuhi kabla ya kuanza, na Maulidi alitembea kwanza mpaka msikitini na kurudi ili mwili upate joto. Mvutano, alikaa. Mtetemeko mdogo, alikaa akapumua. Mtetemeko mkubwa, alirudisha. Uchungu wa kuchoma, aliachia kabisa, na siku hiyo ilikwisha hapo. Kulikuwa na wiki ambazo gonyometa haikusogea hata nusu ya mstari, na mimi ndiye niliyekata tamaa, yeye hapana. Hamsini. Sitini na tano. Tulipofika tisini na tano alikaa kwenye kiti changu kama mkurugenzi akaomba chai. Ramazani alikuja siku ile akajifunza upya kutoka kwa mdogo wake, akiwa ameshika mikono nyuma ya mgongo, kwa hiari yake, ili isije ikaruka.

Goti lilipofika mia na kumi na tano likasimama. Mwezi mzima halikwenda mbele. Nilipima mara tatu nikitafuta digrii zilizofichika. Nilimwambia Maulidi kwamba mtumbwi nisioujua siwezi kuupima kutoka Baraka, lazima niuone. Basi nikavuka kwenda Ubwari. Mimi ni mtu wa pwani ya ziwa na nilitapika njia nzima, abiria wote wakinipa ndimu.

Mtumbwi ulikuwa kweli mdogo, mwembamba kama sahani ya samaki. Waliusukuma mpaka maji yakafika magotini. Ramazani na wadogo zake walisimama kando. Mama Salima alikuwa ufukweni na ndoo ya vyombo, akijifanya anaosha. Maulidi alishika kingo mbili, akaingiza mguu mzima, halafu ule mwingine, akaanza kushuka. Nilikuwa ndani ya maji mpaka magotini na koti langu jeupe, sijui niliingia saa ngapi.

Aliposhuka robo tatu, paja likaanza kutetemeka.

Lilitetemeka kwa nguvu. Kutoka pajani mtetemeko ukapita kwenye mbao, na kutoka kwenye mbao ukapita majini. Maji yalikuwa yametulia asubuhi ile, na kuzunguka mtumbwi wote nikaona mistari midogo midogo ikitoka, ikienda, ikitoka tena. Sikuwahi kuona kitu kama hicho na sitaona tena. Kitu ambacho miaka yote nilikuwa nakisikia chini ya viganja vyangu kilikuwa kimeandikwa juu ya ziwa. Mtumbwi ukaanza kulala upande. Ramazani akapiga hatua, mikono mbele.

“Musinishike!” alisema Maulidi. Hakupaza sauti. “Muiache. Iko nakuya.”

Hakushuka wala hakupanda. Alikaa palepale nusunusu, macho yamefumba, akitoa pumzi kwa mdomo, na mimi nikajikuta nahesabu kwa sauti ndogo. Kumi na nane, kumi na tisa. Mistari majini ikapungua. Akashuka kidogo. Ikaanza tena, akarudi juu upana wa kidole, akangoja. Thelathini. Thelathini na moja. Kisha maji yakawa laini kuzunguka mtumbwi, na Maulidi alikuwa amekaa chini kabisa, goti limekunjwa kando yake, mtumbwi umenyoka.

Ndugu zake watatu walisimama majini kama waliopigwa butwaa. Aliokota kasia, akalitazama, akalichovya.

Alikuwa amekwenda kama mita ishirini hivi, Mama Salima alipoangusha sufuria kwenye ndoo na kusimama, mikono kiunoni.

“Baba Salima!” akaita. “Batoto bako na njaa! Usirudie hapa mikono mutupu!”

Kasia lilisimama hewani. Zaidi ya mwaka mzima alikuwa analishwa, anabebwa, anaulizwa kama amelala vizuri, na hapakuwa na mtu nyumbani kwake aliyethubutu kumdai kitu. Niliuona mgongo wake ukicheka. Kisha akapiga kasia kwa nguvu kuelekea kwenye maji mengi, na mimi nikalia mbele ya watu wote, nimesimama ziwani na koti langu la kazi.